Mzigo Usioufunga Mwenyewe

Mama mpendwa,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na ni wewe uliyenigombeza kila nilipoanza na "nitumie". Leo naomba niruke hapo. Hali yako naijua, na yangu ningekueleza yote ungeinuka huko ulikolala uje kunichukua.

Nakuandikia nikiwa kwenye kaunta ya hoteli, hapa Deira, Dubai. Ni mchana, wageni wametoka, kiyoyozi kinanguruma peke yake. Wanakuja tena, Mama. Wale wajumbe wa mashirika ya kiraia, kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na kwingine, wanaokutana kuzungumzia haki za watu wanaofanya kazi ugenini. Kama mwaka jana, wengi watalala kwetu, kwa kuwa bei yetu ni nafuu na kituo cha metro kiko karibu. Bi. Zuwena, yule mama wa Kizanzibari niliyekuwa nikikusimulia, anayeongoza kamati ya kuwapokea, ameniomba niupitie upya mwongozo wa safari nilioandika mwaka jana. Anautaka leo.

Nimepitia karibu wote. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, na viza iwe imetoka kabla hujaaga watu. Dawa zako zije kwenye pakiti yake pamoja na cheti cha daktari, na zile kali ziombewe kibali mapema. Miraa iache nyumbani, hata ukiambiwa ni majani ya chai. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Usije na bango wala vipeperushi vya kugawa barabarani. Yaseme yako ukumbini. Njoo na sweta, maana nje jua litakuchoma na ndani baridi itakuliza. Kwenye metro hakuna kula, hata peremende. Simu za mtandaoni ulizozoea hazitashika, kwa hiyo waage watu wako vizuri. Haya yote nimeyasahihisha bila shida. Kisha nikafika kwenye mstari wa mzigo na mkono ukakataa.

Unaukumbuka ulikotoka mstari huo? Uwanja wa ndege wa Mombasa, siku niliyoondoka. Umevaa leso zako mpya, umeshuka kutoka Wundanyi na sufuria ya kimanga, muhogo uliouponda na maharage, ili nisipande ndege na njaa. Akatujia bwana mmoja aliyepiga suti, viatu vinang'aa, akiwa na kifuko kidogo. Eti nimpelekee ndugu yake, ni viatu tu. Mimi nilishanyoosha mkono, kwa adabu ile ile uliyonilea nayo. Ukaupiga kofi.

"Mzigo usioufunga mwenyewe usiubebe," ukaniambia, yeye akisikia.

"Ni viatu tu, mama."

"Basi vivae."

Akaondoka bila kuaga. Nilicheka mpaka kwenye mlango wa ukaguzi, na nilipogeuka kukupungia nikaona wewe hucheki. Ulikuwa umejifunika mdomo na pembe ya leso. Picha hiyo ndiyo niliyokuja nayo huku, na siku hizi ndiyo inayonijia nikifumba macho.

Lakini mganga hajigangi. Sheria yako ilikuwa ya watoto wako tu. Watoto wa wenzako uliwabebesha bila huruma. Huko kwetu mtu hajapata hata viza, habari za safari yake zimeshapanda mlima, na wewe ulikuwa wa kwanza kubisha hodi kwake. Binamu wa mchungaji alikubebea. Yule mwanakwaya aliyekuja kwa kazi ya ulinzi alikubebea, na akanilalamikia kwamba karanga zako zilimfanya aache viatu vyake vya pili. Nilikuwa nikipokea vifurushi vyako hapa Al Baraha, kwenye chumba tunachokaa wasichana wanne, nafungua sakafuni na wenzangu wamenizunguka. Karanga za kukaanga, muhogo mkavu, unga wa mlonge wa kutia kwenye uji. Magazeti uliyofungia yalinuka moshi wa jiko lako. Mwenzetu mmoja kutoka Jinja, ambaye hakuwahi kukuona, aliyanusa akalia. Kisha sote tukala.

Mwaka jana Bi. Zuwena aliponiletea kazi hii ya kuandika, alikuwa na kisa cha kunitisha. "Mkutano uliopita mgeni wetu kazuiliwa uwanjani, mwanangu. Kabeba dawa ya kifua ya jirani yake, hajui hata ndani mna nini. Mkutano umefunguliwa yeye bado yuko kwenye kiti anaulizwa. Sasa wewe waandikie watu wako kwa lugha wanayoisikia. Wakiandikiwa kiserikali hawasomi."

Nikatafuta lugha wanayoisikia. Sikuipata ila yako. Nikaandika kama ulivyosema: Mzigo usioufunga mwenyewe usiubebe. Nikaongeza: Hata ukiambiwa ni viatu tu. Mwongozo ukatumwa kwa wajumbe wote kwenye simu zao, nami nikajisikia mtu mkubwa kidogo.

Haikunijia kwamba mmoja wao angetoka Voi, na kwamba habari zake zingepanda mlima.

Wakesho ndiye jina lake. Msichana mwembamba, anaongoza kikundi kinachowasaidia akina mama ambao watoto wao wamekwama Uarabuni. Alifika kaunta na sanduku moja dogo, nikaandika jina lake, nikampa ufunguo, na badala ya kwenda chumbani akabaki amesimama akinitazama.

"Wewe ndiye kitindamimba wa mama wa Wundanyi?"

Nikasema ndiye mimi. Moyo wangu ulishaanza kulitazama lile sanduku.

"Aki dada, usinikasirikie. Mzigo wako niliula."

Akanisimulia pale pale, wageni wengine wakisubiri nyuma yake. Kwamba uliteremka mpaka Voi kumfuata, na kifurushi umekifunga kwa kamba ya mkonge. Kwamba aliona haya, lakini akaogopa zaidi, maana ndani mlikuwa na unga wa kijani usio na jina wala karatasi. Akatoa simu akakusomea mwongozo ili ujue si ubaya wake. Alipofika kwenye ule mstari, ukamwambia asome tena. Akasoma tena. Ukamuuliza nani ameandika. Akasema hajui, ni watu wa huko Dubai.

"Mama yako aliniambia hivi," akasema Wakesho, "huyo ni mwanangu. Hayo maneno nilimpa mimi. Na hata hivyo viatu navijua."

Kisha ukaketi kwenye kiti chake bila kukaribishwa, ukafungua kamba, ukamwambia ale. Alijaribu kukataa, ukamwambia kwamba tumboni hakuna askari wa kukagua. Alikula karanga, akala muhogo, ukamkorogea uji wa mlonge kwenye jiko lake mwenyewe ukamsimamia mpaka akamaliza kikombe. Wewe hukutia kitu mdomoni. Ulimtazama tu akila. Halafu ukasema, "Ukifika, mwambie umefika."

Mimi, Mama, nilitaka karanga zangu. Sikukasirika, ila nilienda stoo ya mashuka nikakaa huko kidogo. Jioni nikakupigia simu ya kawaida, ile inayokula salio, na hata salamu hukunipa nafasi.

"Mzigo umefika?"

"Haujafika," nikakwambia. "Umeliwa njiani na mla rushwa mmoja wa Voi."

Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa, nikasikia simu ikiwekwa chini na maji yakimiminwa. Uliporudi ukasema ni karanga zilizokupalia. Ulikuwa hata hujala karanga. Nikalipokea jibu hilo, kwa sababu ndivyo ulivyotaka nilipokee. Wakesho naye nilipomuuliza kama uko mzima, alisema uko mzima sana, unatembea kwa nguvu. Baadaye alikiri kwamba ulipanda ngazi zake ukipumzika kila hatua, na ukamwapisha asiniambie. Simlaumu. Ukimwapisha mtu, wewe, huwa ameapa.

Hukuungoja mkutano mwingine. Kaka alinipigia asubuhi, nikiwa nafunga vifungo vya shati la kazi, na alipoita jina langu lote kamili nilijua.

Nilikwenda kwa meneja, macho yamevimba, kuomba ruhusa nije kukuzika. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimeisha na kipya kilikuwa bado ofisini. "Ukitoka sasa," akaniambia, "khalas, hurudi." Hakuwa mkali. Alinisukumia hata boksi la tishu. Nikahesabu watoto wa dada wanaosoma kwa kazi hii, nikaona wewe mwenyewe ungenipiga kofi la mkono kama ningeiacha. Nikabaki. Nimeandika neno hilo kwa urahisi, lakini Mama, sijawahi kufanya jambo zito kama kubaki.

Maziko nimeyaona kwa vipande. Kaka alikuwa akirekodi na kutuma, na mtandao wa huko mlimani unaujua. Vikaja ovyo ovyo. Nikaona watu wakila kabla sijaona jeneza. Nikaona udongo ukitupwa, halafu ndipo kwaya ikaja ikiimba ukiwa bado umelala mbele ya madhabahu. Kipande kimoja hakijafunguka mpaka leo. Wenzangu wa chumbani waliketi nami sakafuni, pale pale tulipokuwa tukifungulia vifurushi, na yule wa Jinja akaniuliza polepole kama kuna gazeti lolote lililobaki. Halikuwapo. Sikuwahi kutunza hata moja. Nani hutunza gazeti la kufungia karanga?

Watu huku hunipa pole kisha tunaendelea na kazi, na sina ugomvi nao, kila mmoja ana wake kwao. Ila kuna saa za mchana kama hii ambapo mgeni anaingia na sanduku lililofungwa kwa kamba, nami nasahau, naanza kunyoosha shingo. Nachoka kusahau, Mama. Afadhali ningekuwa nakumbuka wakati wote.

Basi leo nilipofika kwenye ule mstari, niliufuta. Nikaona watu waje na mizigo ya mama zao wote, na askari wahangaike. Nikamwonyesha Bi. Zuwena alipopita kuchukua majina ya wageni. Akavaa miwani, akasoma, akatafuta mstari, hakuuona.

"Umeutia wapi ule wa mizigo?"

"Nimeuondoa, Bi. Zuwena. Ulininyima mzigo wa mwisho wa Mama."

Anajua habari zako zote; siku ile ya maziko ndiye aliyeniletea sahani ya wali nikala bila kujua ninakula. Akavua miwani. "Mie mama yangu kafa Unguja mie niko hapa hapa, wakati huo hata simu hakuna, nimepata habari arubaini imeshapita. Kwa hiyo sikwambii kwa kuwa sijui. Lakini rudisha, mwanangu. Mama wa mtu mwingine asije akalia kwa kuwa wewe unalia."

Akaenda zake. Nimekaa na mstari huo mchana wote huu, na ndiyo sababu ya barua hii. Nilitaka uwe wa kwanza kuusikia, maana mwaka jana uliusikia kwa Wakesho. Nimeurudisha wako bila kubadili neno. Chini yake nimeongeza mwingine, na sidhani Bi. Zuwena ataukata:

Mzigo usioufunga mwenyewe usiubebe. Lakini mzazi wa mtu akikujia na kifurushi, usimjibu mlangoni. Mkaribishe akifungue, na kama ni chakula kaa ule mbele yake mpaka aridhike. Mwangalie vizuri anavyopumua. Ukifika huku mtafute mwanawe, umweleze ulivyokula, na umwambie kweli ya ulichokiona.

Sasa wageni wa leo wanarudi, nasikia viatu vyao kwenye ngazi. Inanipasa nifute uso na kusema karibuni. Lala salama, Mama. Wasalimie walio karibu nawe, na kama kuna mgeni yeyote aliyekuja huko, najua umeshampa cha kutafuna.

Lile swali ulilouliza kabla ya salamu, nililijibu kwa mzaha, na sikupata siku nyingine ya kulijibu sawasawa. Ulifika, Mama. Mzigo ulifika.

Ni mimi, kitindamimba wako.