Koti yangu ingali yangu

Siku ya tatu ya juma, mangaribi.

Haiko kifua kikuu. Majuma matatu nzima nilikohola mpaka ngombe za hapa kwetu Kaniama zilikuwa zinashituka, na minyi mwenyewe niliogopa, sikuambia muntu. Munganga alipima makohozi: hakuna kitu.

"Baba, njo moshi ya mbabula, ile jiko yako ya makala. Unalala nayo na madirisha ya kufunga. Toshako inje."

Niliitosha. Kifua kimenyamaza.

Sasa shemeki yangu: kila mara alikuya kuniona mugonjwa, alijaribisha koti yangu ku mwili wake. Leo niliivala, nikaenda kwake, nikakohola moja ya bongo, ya kujifanya tu, ku mulango.

Akatoka mbio, macho yote ku koti. "Shemeki, inakukamata tena?"

"Hapana, shemeki. Napiga hodi tu."