Tawi la Tatu Halitoi Kitu

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia chooni huku kwenye jukwaa la mafuta, katikati ya bahari.

Unakumbuka nilikuambia kisima chetu kipya kina shina moja, halafu huko chini ya bahari kinagawanyika matawi matatu ili mafuta yaongezeke? Leo nimekipima. Nikafunga tawi la kwanza na la pili, nikaliacha la tatu peke yake.

Kimya. Hata tone!

Nusu saa nzima, wewe! Na kila ripoti inasema hilo la tatu ndilo linalotoa mengi kuliko wenzake.

Bosi, yule tunayemwita Tabasamu kwa kuwa hatabasamu kamwe, akaja mbio bila hata kofia ya kazi. "Nani kakutuma ufunge?" Nikamwambia hakuna aliyenituma, kupima ndiyo kazi yangu. Akacheka. "Tawi hilo lina aibu, mwanangu. Fungua yote."

Mwanangu! Miaka minne hajawahi kuniita hata dada. Halafu akaniletea chai kwa mkono wake. Tabasamu! Chai!

Hapo machale yakanicheza. Nikafungua faili la vipimo vya nyuma. Tawi la tatu limepimwa mara moja tu, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, eti likatoa mafuta tele. Chini kuna jina langu. Na sahihi yangu, imeigwa hadi kile kimkia cha mwisho.

Tarehe kumi na nne nilikuwa harusini kwako, nimekushikia shela.

Anagonga mlango sasa hivi, anasema chai inapoa.

Picha za harusi usifute hata moja.