Amin Niliyoitikia Ukumbini

Jumamosi, Joubert Park

Bado naona aibu. Mwanangu Rukia leo ameigiza tamthilia ya Kigiriki chuoni kwao. Yeye na wenzake walizunguka madhabahu wakimwombea marehemu, nami, peke yangu kati ya watazamaji wote ukumbini, nikaitikia kwa sauti: “Amin!” Watu wakageuka, wakacheka.

Nje nikamwomba radhi.

“Eish, mama, usijali. Zamani Ugiriki mchezo ulikuwa ibada ya mungu wao. Watu hawakuja kutazama tu.”

Sikumkumbusha kuwa leo ni arobaini ya bibi yake. Tanga wamechinja mbuzi, wamesoma hitima. Mimi makaratasi yangu ya kuishi huku ugenini hayajatoka, sikuweza kwenda hata kumzika.

Majirani wamemwitikia dua mama yangu. Amin yangu mimi, mwanawe wa pekee, imemwendea maiti wa kuigiza.