Tumbo la Mboloko

Jumanne, 9 Julai 2024

Nimepewa kazi ya kutarizi mnyama! Mimi Faradji, mshona kofia, mtu ambaye maisha yake yote anajua rangi mbili tu: nyeupe, na nyeupe iliyochafuka.

Leo nimekwenda kwa mama Marie kusema namtaka binti yake, Emmanuella. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nimekohoa vya kutosha. Nilipanga maneno njia nzima. Hakuyasikiliza. Alikuwa na wamama wenzake wa parokia, wanatarizi vitambaa vya viti — maua, njiwa, Karibu, Mungu Ni Mwema. Sebuleni kwake huwezi kuketi bila kukalia baraka.

Akauliza kazi yangu. Kofia, nikasema. Wamama wakacheka mpaka sindano zikaanguka. Mwanamume! Na kofia za Waislamu! Mama Marie akanirushia kitambaa cheupe: kama mikono yangu inajua kitu, nimtarizie mboloko. Kaka yake Michel, mwindaji anayeishi huko Wamaza, atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baba yake Emmanuella alishafariki, kwa hiyo neno ni la mjomba. Mjomba akimtambua mnyama, watawapokea watu wangu waje kuposa. Asipomtambua, nibaki na kofia zangu.

Mboloko! Paa mdogo kuliko wote msituni, miguu vijiti, mkia hautulii. Ningeombwa tembo ningeshukuru.

Alhamisi, 11 Julai

Mboloko ana rangi gani? Nimeuliza sokoni. Muuza nyama ya moshi amesema mweusi. Bila shaka — yeye hukutana naye akiwa amekwisha kukauka. Mdogo wangu Djafari amesema ana rangi ya mchuzi. Hiyo ndiyo familia ninayotaka kuipeleka ukweni.

Nimeamua mwenyewe: mgongo kijivu kinachoelekea buluu, miguu nyekundu kama udongo wa barabara, tumbo jeupe, mkia mweusi juu na mweupe chini. Nyeupe ninayo. Nyeusi na nyekundu nimepata. Kijivu — hakuna Kasongo nzima! Nimemwagiza Abdoul wa pikipiki, anakwenda Salamabila. Wachimba dhahabu wananunua kila kitu, hawatakosa kijivu.

Jumapili, 14 Julai

Abdoul amerudi na zambarau. Zambarau ya padri siku za Kwaresima! Anaapa kwamba ndiyo kijivu cha Salamabila.

Emmanuella amepita kwetu baada ya misa. Ameuona uzi, amecheka mpaka akakaa chini. Kisha harufu ya samaki wetu wa Nyangwe ikamtoa nje mbio, akatapika nyuma ya nyumba. Malaria hiyo, nikamwambia, nenda ukapimwe. Akafuta mdomo kwa kitenge. Halafu akasema nisijisumbue na rangi, nisumbukie mishono.

Rahisi kusema! Hakuna anayemtambua mnyama wa zambarau.

Jumatatu, 15 Julai

Nimefumua sweta ya Djafari. Kijivu safi kabisa! Hajajua.

Jumatano, 17 Julai

Amejua.

Alhamisi, 18 Julai

Uvimbe wa shavu umeshuka. Kazi inaendelea.

Umbo nimelichora kwa kalamu, nikalifuata kwa mshono wa kurudi nyuma. Nikamwonyesha mama Cécilia, jirani: "Hii iko mbwa." Mume wake akatazama muda mrefu, akasema anafanana na yule mtu anayekuja kudai kodi ya soko. Asante sana.

Shida ni manyoya. Nilijaza mgongo kwa mshono mrefu, wa kulala, kama wamama wanavyojaza maua. Ukatoka mnyama aliyepakwa mafuta. Nimefumua. Sasa ninaweka mishono mifupi mifupi, yote inaelekea mkiani, kila mmoja unakanyaga kidogo kisigino cha mwenzake. Miguu ni mnyororo mwembamba. Jicho ni fundo la uzi mweusi. Ghafla akanitazama! Nikaacha sindano, nikanywa maji.

Ijumaa, 19 Julai

Mzee Ismaël amenikamata mlangoni mwa msikiti. Amesikia. Kasongo haina siri. Anasema mwenye kutengeneza sura ya kiumbe, siku ya kiama ataambiwa akitie roho. Nimemjibu ndiyo sababu najitahidi na miguu: akifufuka, aweze angalau kusimama. Hakucheka. Nimeomba msamaha mara mbili, kwake na kwa Mungu. Kisha nimerudi nyumbani kumalizia pembe.

Jumapili, 21 Julai

Tumegombana kwa sababu ya tumbo!

Emmanuella alikuja na udongo ule mweupe wa sokoni mkononi, anautafuna kama biskuti. Kila mtu na ladha yake. Akapitisha kidole kwenye mboloko, akasema tumbo limelala sana. Weka pamba chini. Kuingiza pamba katikati ya vitambaa viwili najua, kofia nzuri inasimama kwa kazi hiyo. Nikaweka kidogo.

"Ongeza."

Nikaongeza. Nikamwambia mboloko ni mwembamba, anaishi kwa kukimbia, si mke wa mkubwa wa ofisi.

"Faradji, ongeza pamba. Weka tu."

Macho yake yalikuwa na maji. Kwa ajili ya pamba! Nikaongeza. Nani anaweza kushindana na mwanamke mwenye malaria? Nampenda, hata anaponiharibia kazi. Nampenda sana. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 27 Julai

Amekwisha! Nimemfua kwa hofu, maana nyekundu ya siku hizi inatoroka majini kama mdeni. Haikutoroka. Nimempiga pasi ya makaa kwa upande wa nyuma, polepole.

Kijivu cha Djafari ni cha ajabu. Jua likikipiga kinakuwa buluu, kivulini kinarudi majivu. Ndani ya sikio nimeweka uzi mmoja, mmoja tu, wa ile zambarau. Hakuna atakayejua, lakini sikio linaishi. Mjomba Michel akiona rangi hizi ataanza kutafuta bunduki.

Tumbo tu — limetokeza. Basi.

Jumapili, 28 Julai

Ninaandika nikiwa nyuma ya jiko la mama Marie, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wamenitoa nje. Mikono hii nisipoishikisha kalamu sijui itafanya nini.

Kwa utaratibu.

Tulifika, mimi na Djafari (kwa ajili ya sweta nimemwahidi shati, ndiyo maana alikubali kuja). Mjomba Michel aliingia akiwa ameshikwa kiwiko na mama Marie. Heshima, nikafikiri. Akamsalimia Djafari: "Weye ndiye mushona kofia?" Djafari, mshenzi, akajibu ndiyo. Chai na samaki vikatolewa, mama Marie akamwekea mzee kikombe ndani ya kiganja na kumfungia vidole juu yake.

"Kaka, unaona namna hii watoto wamekomaa?"

"Ninaona," akasema. Alikuwa anaangalia dirisha.

Mzee haoni! Haoni hata kidogo! Na nyumba nzima inajua, na hakuna anayesema, kwa sababu mwindaji mkubwa haambiwi kwamba macho yamekwisha. Nilimgeukia Emmanuella. Alikuwa anatazama miguu yake. Kijivu, buluu, uzi mmoja wa sikio — yote bure! Sweta ya mtu imekufa bure!

Mama Marie akamwekea kitambaa magotini. Wamama wa parokia wakasogea. Mzee akaanza shingoni. Kidole kilishuka na manyoya mpaka mkiani, kikarudi kinyume, mishono ikamkwaruza. Akatabasamu. Akapima miguu, mmoja mmoja. Akagusa pembe, fundo la jicho.

"Iko mboloko," akasema.

Vigelegele! Djafari akanipiga mgongo hadi nikakohoa. Lakini mkono wa mzee ulikuwa bado unatembea. Ukafika tumboni, ukasimama pale. Akaweka kiganja chote, taratibu, kama mtu anayesikiliza.

"Hii iko mwanamuke," akasema. "Na iko na mimba. Haiko kubwa. Iko naanza tu."

Wamama walicheka. Mama Marie alicheka nao, kisha akamgeukia binti yake kumwambia kitu, na kicheko kikamfia mdomoni. Sahani ya samaki ya Emmanuella ilikuwa haijaguswa. Mama Marie akaitazama sahani. Akautazama mkono wa Emmanuella, ule wenye vumbi jeupe la udongo kwenye vidole. Akanitazama mimi.

Mzee akasema, sauti ya chini kabisa: "Emma. Ndiye weye ulitaka niguse hapa?"

"Ndiyo, mujomba."

"Wanaume watoke kwanza."

Malaria! Nilimwambia malaria! Akatapika mbele yangu, akala udongo mbele yangu, akalia juu ya pamba, na mimi ninalinganisha vijivu juani! Hakuweza kumwambia mama yake. Mimi aliniambia kila siku, sikusikia. Basi akamwambia mzee asiyeona, kwa mikono yangu mwenyewe. Mjinga mimi. Baba mjinga — baba! Nimeandika neno hilo na sijui nicheke au nilie. Nadhani ninacheka. Djafari ameniuliza kama nimeumwa na siafu.

Emmanuella ametokea sasa hivi mlango wa jiko, ameshika sufuria ili aonekane ana kazi. Nimesimama, nimesema samahani, nimesema nina furaha, maneno yote yakatoka pamoja. Ameninyamazisha.

"Nilikuambia rangi haiko na kazi."

"Mama yako anasema nini?"

"Bado hajasema. Anafua."

Anafua! Jumapili! Namsikia uani, anapiga nguo kwenye jiwe kama anaua nyoka. Ndani mzee anaimba kidogo, nyimbo za wawindaji, kitambaa bado magotini kwake. Djafari anasema tukimbie. Kofia yangu imebaki kwenye kiti, juu ya Mungu Ni Mwema, na bila kofia siendi popote. Hata nikiipata siendi.

Kupiga nguo kumekoma.

Anaita. Si Faradji tu. Jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu.