Kona Niliyoiacha Tupu

Mama Theodora, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekata tamaa kabisa, naomba unisaidie, mimi ni nesi hapa Mansfield, karibu na Dallas, na kwa miaka mitatu kila Jumamosi nilikuwa naendesha gari hadi Plano kwa mzee wa Kichina, Mwalimu Guo, aliyenifundisha kuchora milima kwa wino, na mlima wenyewe ulikuwa mmoja tu, ule uliochorwa na mwalimu wake, yeye akauiga, nami nikamuiga yeye, na kila anayeiga huandika kwenye kona jina la aliyemtangulia, ndiyo heshima yao. Mwaka jana nikapeleka mlima wangu kwenye maonyesho ya Watanzania wa Dallas, lakini Sospeter wa kamati alikuwa ameshanicheka, "Kwa hiyo wewe una-copy tu?", basi nikaona aibu, nikaandika jina langu peke yake, kona ile nikaiacha tupu, na nikapata zawadi ya kwanza. Mwalimu akaja, akaitazama kona, akaniuliza mbele ya watu mlima huu niliuona wapi, nami nikamjibu, "Kichwani mwangu." Akatikisa kichwa kukubali, akaondoka, na sikwenda tena kwake.

Mwezi uliopita alifariki nyumbani kwa binti yake, Alief, Houston. Binti hajui lolote, ameniomba nipeleke picha yangu Jumapili itundikwe kwenye kumbukumbu, chini ya picha ya baba yake na ya mwalimu wa baba yake. Niandike jina la Mwalimu sasa, ionekane lilikuwepo siku zote? Au niseme picha imepotea? Mama, wa kumwomba msamaha hayupo.

Melania, Mansfield

Melania mwanangu, marahaba, na pole kwa msiba. Lakini sitakuficha. Sospeter hajui hata kushika brashi, na wewe ukamwogopa yeye kuliko mzee aliyekuvumilia miaka mitatu. Kuiga hakukuwa aibu, aibu ni kumkana mtu amesimama mbele yako. Na hiyo habari ya picha kupotea iache, umeshadanganya vya kutosha.

Mpigie binti leo, umweleze yote kabla hujatoka Mansfield. Akiikataa picha, kubali, usibembeleze. Akiipokea, andika kwenye kona jina la mwalimu wako, kisha weka tarehe ya mwaka huu, 2019, mtu asome ajue ulichelewa. Usitegemee moyo utatulia. Aliyetakiwa kuisoma kona hiyo alishaisoma, ikiwa tupu. Andika hata hivyo.