Mnazi wa Posa ya Kadzo

Marereni, Jumapili, Agosti 1984. Mawingu tangu asubuhi, na mvua hainyi.

Siku ya Uhuru kamba ya bendera ilikwama, nami ndiye niliyepanda nguzo nikaikwamua. Kama si mimi, nchi hii ingechelewa. Nguzo yenyewe ndefu kama minazi mitatu! Kadzo, binti wa marehemu kaka yangu, amelisikia hilo tangu hajaota meno.

Sasa yuko kidato cha tatu. Mwalimu wake, mtawa kutoka Ufilipino, alimwazima riwaya mbili za kwao, na likizo yote amekuwa akinisomea na kunitafsiria. Kiingereza nakijua, ila miwani sina.

Ni habari za enzi za Mhispania. Wakulima wanalima shamba lisilo lao. Wanaume wamekaa barazani kwa bwana shamba wakipanga kumfukuza mgeni. Wanawake wanashona bendera na kupitisha barua ndani ya vikapu vya mchele. Mgeni anaondoka. Bwana shamba anabaki na shamba lake. Na yule mtumishi wa kike aliyebeba barua, ami yake anamwoza kwa msimamizi.

"Baba mdogo, nchi imepata bendera. Yeye kapata nini?"

Nikamjibu kwamba Wafilipino hawakuwa na mtu kama mimi.

Hakucheka. Akasema amesikia nyapara wetu wa mashamba ya chumvi, ninakofanya kibarua, anakuja kumposa, awe mke wa pili. "Wewe uliyepanda nguzo ile, utashindwa kukataa kibuyu?"

Kwetu mzazi akishakunywa mnazi wa posa, binti ameozwa. Nikamwapia kwamba sitaugusa.

Leo amekuja na wazee wake na kibuyu cha mnazi. Nyapara huyo ndiye anayeniita kazini kila asubuhi, au kuniruka. Hotuba nilikuwa nayo, ya Uhuru na ya masomo, nimeikariri juma zima. Kadzo alisimama mlangoni, kitabu mkononi, akinitazama.

Nyapara akanisogezea kata. "Haya, mzee wa bendera, kata kiu. Au leo tena kamba imekwama?"

Wazee wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Nikanywa.

Kadzo ameingia ndani. Shule zinafunguliwa kesho na sanduku lake alishalifunga, liko pale pale karibu na mlango. Napita nalikwepa. Nimlaumu nani, njaa au nyapara?

Wala hakuna aliyenishika mkono kuninywesha. Mnazi ulikuwa mtamu, na kata ya kwanza ilipokwisha, niliomba ya pili.