Injini ya Mashua Imewaka

Jumapili, Nyansiongo

Imewaka. Mikono bado inanuka dizeli na sitaki kuiosha.

Siku zote nililaumu pampu, kumbe ni hewa tu iliyoingia kwenye mpira wa mafuta. Mama Moraa, mke wangu, amechoka na hii mashua kuukuu ya matanga kujaza banda la ng'ombe, lakini leo alikubali kunishikia tochi. Nikalegeza nati, mapovu yakatoka mpaka dizeli ikaja safi. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma, ng'ombe wakatimkia kwenye mahindi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ule ufa wa chini ya mashua bado unanitia hofu. Ikianza kuingiza maji huko ziwani...

Mama Moraa hakuwafuata ng'ombe. Alipanda mashuani, akashika usukani. "Baba Moraa," akasema, "ziwani tunaenda lini?"